Mada ninayo, mahali ninapo: mbona kisa hakiji?

Swali: Nataka kuandika riwaya ya upelelezi. Ninaishi karibu na kiwanda cha ngozi kilichofungwa. Mto umeharibika, watu waliugua, wengine wakapoteza kazi, na hakuna aliyewajibishwa. Hasira ninayo ya kutosha na mahali nimepajua tangu utotoni, lakini kila nikianza sura ya kwanza inageuka makala ya gazeti. Nifanyeje ili kiwe kisa? Na je, nitumie majina halisi?

Jibu:

Ndugu yangu, ulichonacho ni kizuri kuliko unavyodhani, na sababu ya kukwama kwako inaonekana ndani ya swali lenyewe. Umeshamaliza kesi kabla hujaianza. Msomaji akifika ukurasa wa pili anajua kuwa kiwanda ndicho chenye kosa, mto ndio ulioumia na wakubwa ndio walionyamaza. Hana cha kutafuta tena. Kilichobaki ni kumweleza kwa kirefu, na hiyo ndiyo kazi ya makala. Riwaya ya upelelezi huishi kwa swali ambalo jibu lake likijulikana, kuna mtu litamwangamiza. Kiwanda hakiwezi kuwa mtu huyo. Inabidi uteremke kutoka kwenye mada hadi umfikie mtu mmoja, siku moja, mlango mmoja, na umkute akiwa na jambo ambalo hawezi kulisema.

Nikuonyeshe kwa tukio la kweli. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, la ghorofa nane, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh. Chini kulikuwa na benki na maduka, juu kulikuwa na viwanda vya kushona nguo. Benki iliwaambia wafanyakazi wake wasije kesho yake. Mafundi cherehani waliamriwa warudi kazini. Asubuhi ya tarehe 24 umeme ulikatika, majenereta yakawashwa, na muda mfupi baadaye jengo likaporomoka. Walikufa watu 1,134.

Mwandishi wa makala ataandika juu ya ujira mdogo, ghorofa zilizoongezwa bila kibali na tamaa ya faida, na atakuwa amefanya kazi yake vizuri. Mwandishi wa upelelezi anasimama kwenye ngazi za jengo lile jioni ya tarehe 23 akiwa na maswali mengine. Watu wa benki na watu wa cherehani waliziona nyufa zilezile. Nani alikuwa na uwezo wa kuamua kwamba wa chini walale nyumbani na wa juu wapande? Je, kuna karani wa benki aliyekuwa na dada ghorofa ya sita, na usiku ule alimwambia nini? Asubuhi nani alishika orodha ya mahudhurio, na orodha hiyo sasa iko mkononi mwa nani? Sikuambii uandike juu ya marehemu wale. Wana ndugu zao, na habari yao ni yao. Ninachotaka uchukue ni aina ya swali, ulipeleke kwenye jengo lako mwenyewe. Unaona jinsi suala zima la haki za wafanyakazi lilivyoingia ndani ya tofauti moja tu, ya nani aliambiwa abaki na nani aliambiwa aje? Kila suala la kijamii lina tofauti ya namna hiyo ndani yake, na kisa kimekaa hapo.

Sasa tuje kwenye mahali. Kupajua mahali tangu utotoni ni mali, lakini kuna hatari: tulipopazoea tunapaandika kwa hisia. Naweza kukisia sura yako ya kwanza ina kutu, ukungu wa asubuhi na harufu ya mto. Hayo ni mandhari, na yana nafasi yake, ila hayamsaidii mpelelezi. Kwa kazi hii mahali maana yake ni mpangilio wa nani anaweza kuona nini, saa ngapi, na nani analiandika wapi.

Mfano wangu ninaoupenda kuliko yote haumo katika riwaya yoyote. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka kuzunguka mtaa wa Broad Street, Soho, London, kikaua watu 616. Wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku pampu ya maji ya mtaani. Waliokufa karibu na pampu hawakumtosha kuwa ushahidi, kwa sababu hewa ya pale nayo ingeweza kulaumiwa. Waliompa jibu ni wale ambao hawakulingana na wenzao. Kulikuwa na nyumba ya kulelea maskini jirani kabisa, yenye watu 535, na ndani yake walikufa watano tu. Ilikuwa na kisima chake. Kulikuwa na kiwanda cha bia mtaani hapohapo, na hakuna mfanyakazi wake hata mmoja aliyekufa. Walikunywa bia na maji ya kisima cha kiwandani. Kisha kulikuwa na mjane mmoja wa Hampstead, mbali na Soho, ambaye hakuwa amekanyaga Broad Street kwa miezi. Alikufa. Mwanawe alieleza kwamba mama alipenda ladha ya maji ya pampu ile, akawa anapelekewa chupa kila siku kwa mkokoteni. Mpwa wake aliyemtembelea na kunywa maji hayo alirudi kwake Islington, naye akafa.

Ile chupa ndani ya mkokoteni ni kidokezo ambacho mwandishi yeyote wa fani hii angejivunia kukibuni. Kwa hiyo rudi mtoni kwako ukiwa na jicho hilo. Waliougua ni wengi na umewajua. Mwache kila mmoja kwa sasa. Mtafute anayeishi ukingoni na hakuugua. Mtafute aliyeugua ingawa nyumba yake iko upande wa juu, ambako maji machafu hayafiki. Uliza ni biashara gani haikuyumba kiwanda kilipofungwa, na nani alihama mwezi mmoja kabla ya tangazo. Mmoja wa hao ndiye mlango wa kuingilia.

Ukishampata, tafuta daftari. Kila mahali pana watu wanaoandika mambo kwa mazoea bila kufikiri kwamba wanatunza ushahidi: mlinzi wa getini, dereva wa lori, karani wa zahanati, msoma mita. Nikae kidogo kwa huyu wa mwisho, maana katika mazingira yako ana thamani kubwa. Kusindika ngozi kunameza maji vibaya sana. Tani moja ya ngozi mbichi huhitaji makumi ya mita za ujazo: kuloweka, kuondoa manyoya kwa chokaa, kuosha, kutia kromiamu (dawa inayofanya ngozi isioze), kuosha tena. Kiwanda kikifungwa, mita inapaswa kusimama. Hebu fikiria msoma mita anayepita pale kila mwezi kwa sababu hakuna aliyemwondolea kituo hicho kwenye orodha yake, na mwezi huu anaona namba zimesogea. Anaandika, kwa sababu kuandika ndiyo kazi yake. Mwezi unaofuata zimesogea zaidi. Anaandika tena. Wiki mbili baadaye anakutwa amekufa ndani ya shimo la majitaka la kiwanda.

Hapo una kisa, na hujahubiri hata sentensi moja. Kiwanda kilichofungwa kinafanya kazi usiku. Nani anaendesha? Na hapa naomba uvute pumzi kabla ya kukimbilia jibu la mwenye kiwanda tajiri, maana ndilo jibu la makala. Uliniambia watu waliugua na wengine wakapoteza kazi, na umeyaweka mambo hayo mawili katika sentensi moja kana kwamba yanakwenda upande mmoja. Hayaendi. Aliyepoteza kazi anataka mapipa ya kusindikia ngozi yazunguke tena, na aliyeuguliwa na mtoto anataka yasimame milele, na mara nyingi hao wawili wanakula meza moja. Zamu ya usiku inahitaji mikono kumi na tano au ishirini. Ina maana familia ishirini zinajua na zimenyamaza, na zimenyamaza kwa sababu ya mshahara, huku zikichota maji mahali pengine na kutowaambia majirani kwa nini. Mimi ningemtazama kwa makini yule aliyeongoza maandamano ya kufunga kiwanda. Akiwa na mtoto kwenye zamu ile, msoma mita akaja kumwonyesha namba zake kwa sababu anamwamini kuliko mtu mwingine yeyote mjini, basi una mshukiwa ambaye msomaji hatamtaka awe muuaji, na ataumia kila ushahidi unapomsogelea. Ikiwa mwishowe ni yeye au siye, hilo ni lako kuamua.

Jambo la pili ambalo masuala ya kijamii hukupa, na waandishi wengi wapya hawalitumii, ni uongo wa wasio na hatia. Katika riwaya ya upelelezi karibu kila mtu anaficha kitu, na muuaji ni mmoja. Wale wengine wote wanahitaji sababu za kudanganya zinazoaminika, na jamii ndiyo inayozitoa: aibu, dini, kibali cha kuishi kilichokwisha muda, deni, kazi ambayo mtu hawezi kumudu kuipoteza.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1932 mtoto wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh aliibwa kitandani mwake New Jersey, Marekani. Polisi waliwahoji watumishi, na Violet Sharp, mtumishi wa ndani katika nyumba ya wakwe wa Lindbergh, akatoa maelezo yasiyolingana. Kwanza alisema alikwenda sinema, na hakuweza kuitaja picha aliyoitazama. Baadaye akasema alikuwa baa ya kando ya barabara na mwanamume aliyemfahamu juujuu. Tarehe 10 Juni, alipojua wanakuja kumhoji tena, alikunywa sumu akafa. Ikathibitika baadaye kwamba kweli alikuwa baa, na kwamba hakuhusika na wizi wa mtoto. Mwanamke anayetumikia nyumba ya matajiri anajua kuwa sifa yake ndiyo kibarua chake, na usiku mmoja wa starehe ukijulikana unaweza kumfukuzisha. Kwa jicho la polisi uongo wake ulifanana kabisa na uongo wa mwizi.

Agatha Christie alitumia kesi hiyo katika *Murder on the Orient Express*, iliyotoka mwaka 1934. Mahali alikuwa napo tayari: mwaka 1929 treni ya Orient Express ilinaswa na theluji kwa siku kadhaa nchini Uturuki, na Desemba 1931 yeye mwenyewe alikwamishwa na mafuriko akiwa ndani yake. Suala la kijamii lilikuwa magazetini kila siku. Waliosoma riwaya hiyo watakumbuka kwamba katika habari ya mtoto aliyeibwa mna pia mtumishi asiye na hatia aliyejiua kwa kushukiwa. Maelfu ya watu walisoma kesi ya Lindbergh wakamwona mtoto na baba maarufu. Mwandishi yule alimwona na mtumishi, na uchungu wa kitabu kizima unapata nguvu kutokana na watu wa namna hiyo, walioumia pembeni bila kutajwa kwenye kichwa cha habari.

Kwa upande wako, andika orodha ya watu wanane wa mji wa riwaya yako. Kwa kila mmoja andika alikuwa wapi usiku wa kifo, kisha andika atamwambia mpelelezi alikuwa wapi. Pale majibu mawili yanapotofautiana, sababu itoke kwenye maisha ya mji ule na isitoke kwenye mauaji. Mmoja alikuwa kwenye zamu ya siri. Mwingine alikwenda kuteka maji kwa jirani aliyegombana naye. Nesi alikuwa akitoa dawa za zahanati bila kuziandika, kwa watoto ambao wazazi wao hawana pesa. Ukimaliza orodha hiyo utakuta umeandika habari nzima ya uchafuzi wa mto, na hakuna mhusika aliyetoa hotuba.

Kuna kesi nyingine ya zamani zaidi inayofaa kuitazama kwa karibu, kwa sababu inaonyesha jinsi tabaka linavyozaa kidokezo kinachoshikika mkononi. Mwishoni mwa Juni 1860, katika nyumba ya Road Hill huko Wiltshire, Uingereza, mtoto wa kiume wa karibu miaka minne aliuawa, maiti yake ikakutwa kwenye choo cha uani. Mpelelezi Jonathan Whicher wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, alimshuku dada wa kambo wa marehemu, Constance Kent, msichana wa miaka 16. Msingi wa shaka yake ulikuwa nguo. Magauni ya kulalia ya Constance yalipaswa kuwa matatu, yakapatikana mawili. Likadaiwa la tatu limepotelea kwa dobi. Basi kesi ikawa neno la mwanamke anayefua nguo za watu dhidi ya heshima ya nyumba ya bwana, na aliyeuliza maswali alikuwa askari, mtoto wa mtunza bustani. Constance aliachiwa, na Whicher akashambuliwa hadharani. Mwaka 1865 Constance alikiri mwenyewe. Mwaka 1868 Wilkie Collins akatoa *The Moonstone*, riwaya ambayo nguo ya kulalia yenye doa na daftari la nguo za kufuliwa vina uzito mkubwa ndani yake.

Nani anafua nguo za nani? Jiulize swali hilo kuhusu mji wako, maana ngozi iliyotiwa kromiamu ikiwa bado mbichi ina rangi ya samawati, na wanaoishughulikia hujikuta na madoa yake. Yule anayefua nguo za zamu ya usiku anajua mambo ambayo polisi hawajui. Ataulizwa? Akiulizwa, ataaminiwa? Anaishi kwa ujira wa hao hao anaofulia.

Kuhusu kifo chenyewe, mahali pako pana utata uliotengenezwa tayari. Katika mashimo ya majitaka ya viwanda vya ngozi hujikusanya gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo inanuka kama yai bovu. Ikizidi, pua hupoteza uwezo wa kuinusa, na mtu huanguka bila onyo. Ajali za aina hii huua hata wanaoshuka kumwokoa wa kwanza. Kwa hiyo polisi watasema ajali, na watakuwa na sababu nzuri ya kusema hivyo. Shahidi akisema “hakukuwa na harufu yoyote”, msomaji asiyejua atadhani hapakuwa na gesi, na anayejua atashtuka. Ila gesi hiyo hutoka kwenye majitaka na tope lenye unyevu, na shimo lililokauka kabisa kwa miezi halipaswi kuwa na nguvu hiyo. Kitu kimoja kinatumika mara mbili, kwanza kuficha uhalifu, kisha kuufichua.

Mpelelezi wako ningemchagua mtu mwenye ruhusa ya kuingia asiyekuwa polisi. Mthamini aliyetumwa na benki kuorodhesha mitambo ili iuzwe kwa mnada angefaa. Anapita na karatasi zake katikati ya mapipa makubwa ya mbao yale yanayozungushwa kuchanganya ngozi na dawa. Kila kitu kina vumbi. Anapitisha kidole kwenye beringi ya pipa la nne, na kidole kinatoka na grisi mpya. Anza hapo. Historia ya kiwanda, idadi ya wagonjwa na ahadi za viongozi vitaingia baadaye, kila kimoja siku ambayo mthamini anakihitaji kujibu swali, na si kabla ya hapo.

Swali lako la pili, la majina halisi. Mwaka 1841 msichana aitwaye Mary Rogers alikutwa amekufa katika mto Hudson, upande wa pili wa New York. Edgar Allan Poe alikichukua kisa hicho, akakihamishia Paris, akamwita msichana Marie Rogêt, na kukitoa kwa sehemu tatu kati ya Novemba 1842 na Februari 1843. Kabla ya sehemu ya mwisho kutoka, habari mpya ziliibuka New York zikapingana na suluhisho lake, ikambidi arekebishe. Kubadili mji na herufi chache za jina hakukumficha mtu, kwa sababu kila msomaji alijua ni nani. Na kufunga hatima ya kisa chako kwenye kesi ambayo haijaisha ni kukabidhi mwisho wa kitabu kwa mtu usiyemjua.

Kwa hiyo usitumie jina la mji wako, na usiridhike na kulibadili jina tu. Ikiwa viwanda vya ngozi vilivyofungwa ni kimoja katika mkoa mzima, jina la kubuni halimfichi mtu. Changanya. Chukua mto wa mahali pamoja, mpangilio wa mitaa ya pengine, na mwenye kiwanda asiyefanana kwa umri, ukoo wala historia na yule unayemfahamu. Katika nchi nyingi mtu anaweza kukushtaki kwa kumchafulia jina hata kama hukumtaja, maadamu wanaomfahamu wanaweza kumtambua. Kabla ya kuchapisha, mtu mwenye ujuzi wa sheria apitie mswada.

Ila hofu yangu kubwa zaidi si kwa wenye mali, maana hao wana mawakili. Ni kwa wale waliougua. Utawatembelea na watakusimulia, na baadhi ya watakayokusimulia yatakuwa na maelezo yasiyobuniwa, yanayokaa kwenye ukurasa kuliko chochote utakachotunga. Waambie tangu siku ya kwanza kwamba unaandika riwaya, na kwamba ndani yake kuna mauaji. Mswada ukikamilika, wapelekee sehemu zinazotokana na maneno yao wazisome au wasomewe. Mmoja akikataa, hicho kitu kitoke, hata kama sura nzima inakitegemea.